Dola 600 kwa kitako cha bunduki

Dola 600 za Kanada kung'arisha kitako cha shotigani kuukuu! Saa nane za kazi, kodi juu. Kwa hela hiyo kule Nyakato, Mwanza, unalala kwenye kitanda cha mninga. Na bado msasa umepita hadi ukingoni, mbao sasa iko chini ya chuma. Hilo halirudi. Mbao hubaki juu ya chuma kidogo, unene wa karatasi tu.

Ndugu zangu wa Mwanza wenye shotigani za urithi na vibali halali, kazi hii haitaki haraka. Hakikisha haina risasi, kisha toa mtutu. Bisibisi ijae kwenye mfereji wa skrubu, ikicheza inaula. Kwa seremala ipelekwe mbao peke yake, chuma kifungiwe nyumbani. Vanishi ya zamani itoke kwa dawa ya kuondolea rangi. Nakshi za kushikia ni mswaki tu, msasa usiziguse.

Wengi wanaharibia pale kitako kinapokutana na mtambo, yaani chuma chenye kifyatulio. Mafuta ya bunduki hunywewa pale miaka na miaka, mbao inakuwa nyeusi, inalainika, mwisho inapasuka. Koroga unga wa chaki na asetoni uwe uji mzito, upake, mbali na moto. Ukikauka utageuka kahawia kwa mafuta uliyovuta. Upanguse, urudie mara tatu, nne. Ukiruka hapa, mafuta mapya ya kung'arishia hayashiki.

Palipobonyea weka kitambaa kibichi na pasi ya moto, mvuke utainua nyuzi. Zilizokatika haziinuki. Msasa ni namba 180, 240, 320, 400, kwa kufuata nyuzi, bamba la nyuma, lile linalokaa begani, likiwa mahali pake ili ukingo usiviringike. Kabla ya 400 lowanisha mbao kidogo, ikauke. Vinyweleo vikisimama, vikate kwa hiyo 400.

Kijana seremala unayehangaikia viza ya Kanada, hiki ndicho cha kujifunza kabla ya kupanda ndege. Randa na misumari wanayo. Mkono wenye subira ndio wanaoulipia kwa saa.

Mafuta yawe ya kitani yanayouzwa kwa jina la yaliyochemshwa (boiled linseed oil), usichemshe mwenyewe. Mabichi hunata wiki nzima na zaidi. Mkono wa kwanza wa kupaka uwe nusu kwa nusu na tapentaini. Inayofuata ni matone machache, sugua kwa kiganja mpaka kipate moto, futa yaliyobaki baada ya dakika 15, subiri saa 24. Mikono minane hadi kumi. Ukipaka mengi kwa pupa unapata gundi. Matambara usiyarundike, hujiwasha yenyewe: yatandaze nje au yaloweke kwenye maji.

Na kwa anayekaa kando ya ziwa, paka hata chini ya bamba na ndani kunakokaa mtambo, maana mbao hunywa unyevu wa masika kupitia huko kusikoonekana. Nimefungua bamba la kitako hiki cha dola 600. Chini yake pakavu, hata tone la mafuta hakuna.