Bodi mpya, diski ile ile

Laptopu ikibadilishwa bodi kisha fundi akakwambia, "Dada, tupige Windows mpya tu, tumalize," mwambie angoje. Mafundi wetu hapa Arua, Uganda, ni hodari wa kuchomelea, lakini wengi wao wakiona maandishi wasiyoyazoea kwenye skrini, dawa ni hiyo moja. Kwangu dawa hiyo ingefuta mikataba ya viwanja ya watu, barua za kwenda kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), ratiba za mazishi na mitihani ya muhula mzima. Nina ofisi ndogo ya kuchapa, na laptopu ile ndiyo jembe langu.

Mvua ya usiku ilipenya kwenye bati ikaingia kwenye kibodi. Fundi alipoifungua akanionyesha pameungua kando ya tundu la chaja. Bodi, lile bamba kuu linalobeba vipande vyote, imekwenda, akasema. Akaagiza Kampala bodi ya laptopu ya aina ile ile iliyokuwa imevunjika kioo, ikaja na basi la usiku ikiwa imefungwa ndani ya gazeti. Diski yangu ya SSD, kile kipande cha milimita 22 kwa 80 kinachotunza faili, haikupata hata tone. Akaichomeka kwenye bodi mpya, akabonyeza, feni ikalia. Nikashangilia.

Halafu ikaja skrini ya buluu: weka ufunguo wa BitLocker, yaani kufuli la Windows la kufunga diski. Tarakimu 48.

Hapo ndipo aliposema tupige Windows mpya, na hapo ndipo nilipoweka mkono juu ya laptopu. Diski ilikuwa nzima. Kilichokufa ni bodi, na bodi ndiyo iliyokuwa inashika ufunguo. Ndani yake, au ndani ya prosesa iliyochomelewa juu yake, kuna kitu kinaitwa TPM. Kila ukiwasha mashine, TPM inatoa ufunguo kimya kimya na diski inafunguka, ndiyo maana mtu anaweza kutumia laptopu miaka bila kujua kama diski yake imefungwa. Laptopu nyingi za Windows 11 zinajifunga zenyewe siku ile mtu anapoingia na akaunti ya Microsoft mara ya kwanza. Ukibadilisha bodi, TPM mpya haina habari na diski yako. Fundi akajaribu kuichomeka kwenye kompyuta yake kwa waya wa USB. Ikaonekana na alama ya kufuli, basi.

Nakala ya ufunguo huwekwa kwenye akaunti iliyotumika siku ile ya kwanza. Sasa laptopu yangu aliiwasha nani? Mpwa wangu, aliyeninunulia Kampala, akaiingiza kwa akaunti yake ili anifundishie. Nikampigia. "Shangazi, niko darasani," akanong'ona. Nikamwambia akitoka afungue aka.ms/myrecoverykey. Akakuta funguo kadhaa, za laptopu yake, yangu, na nyingine aliyokwisha kuiuza. Skrini ya buluu inaonyesha kitambulisho cha ufunguo. Tukalinganisha herufi na tarakimu 8 za mwanzo mpaka tukaupata wenyewe.

Hakuwa na bando, kwa hiyo akausoma kwa simu. Mtandao ulikuwa unakatika, na "nne" na "nane" masikioni mwangu zilikuwa kitu kimoja. Nikaandika makundi yote 8 ya tarakimu 6 kwenye daftari, tukaingiza, ukakataliwa. Fundi akaanza tena kutafuta flashi yake ya Windows.

Lakini ufunguo huo una siri nzuri sana: kila kundi lake lazima ligawanyike kwa 11 bila kubaki kitu. Nikachukua kikokotoo nikagawa moja moja. Kwa mfano (namba hizi si zangu, usihangaike), 612487 inakupa desimali ndefu, lakini 612447 inakupa 55677 kamili. Makundi mawili yakagoma. Nikabadilisha nane kuwa nne, yakakubali.

Hatukuwasha laptopu kwanza. Tulifungua diski kwenye kompyuta ya fundi kwa ufunguo ule ule, tukanakili kila kitu kwenye diski ya nje, ndipo tukairudisha kwenye bodi yake mpya. Fundi aliona tunapoteza muda. Mimi nilikuwa nafikiria mitihani ya watoto.

Windows ikaamka na kila kitu mahali pake. PIN ya kuingilia ikakataa, kwa sababu nayo hushikwa na TPM. Ikataka nenosiri la akaunti, nikampigia mpwa tena. Saa ilikuwa nyuma sana, tovuti zikawa zinakataa kufunguka mpaka nilipoisahihisha. Leseni haikunisumbua: kwenye laptopu za namna hii ufunguo wa Windows umeandikwa ndani ya bodi yenyewe, na bodi iliyotoka Kampala ilikuja na wake, toleo la Home kama langu. Ingekuwa la aina nyingine tungezozana nayo.

Nikahamia akaunti yangu mwenyewe, nikazima ufungaji wa diski, nikasubiri ifunguke yote, nikauwasha upya ili ufunguo mpya uende kwenye jina langu. Nimeuchapa, uko kwenye faili pamoja na risiti za kodi ya chumba.

Kabla hujampa mtu bisibisi, muulize kama SSD ya laptopu yako inachomoka. Kuna zile nyembamba ambazo SSD imechomelewa kwenye bodi, na hapo kubadilisha bodi ni kuaga faili zako. Hiyo usikubali ibadilishwe. Tafuta fundi wa kuifufua bodi ile ile, hata kwa saa moja tu ya kunakili.