Kidoti cha wino

Nina saratani ya njia ya haja kubwa. Leo sista amenichora tumboni. Kidoti kimoja cha wino mweusi, upande wa kushoto, chini ya kitovu. Kesho kutwa daktari atapasua hapo hapo na kuutoa nje mwisho wa utumbo mpana, na choo changu kitapita hapo, kwenye mfuko, maisha yangu yote.

Nilidhani atachora tu aende zake. Kumbe ni kazi ya karibu saa nzima. Alinilaza chali, akaniambia niinue kichwa bila kujishika popote, huku vidole vyake vikiutafuta msuli wa tumbo. Kisha nikae. Kisha nisimame, niiname kama ninayeokota kitu. Kila nikikaa, tumbo lililobeba watoto wanne linakunjana pale pale alipopachagua, naye anafuta kwa pamba ya spiriti, anaanza upya. Mfuko ukibandikwa penye mkunjo haushiki, unavuja. Na lazima mwenyewe niweze kuliona tundu bila kumwita mtu.

Akaniuliza, "Mama, kanga huwa unaifungia wapi?"

Swali hilo lilinitoa machozi. Miezi yote hii nimeulizwa kuhusu damu, uzito, maumivu, mzio wa dawa. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninavyovaa. Nikajifunga kanga mbele yake, akaona fundo linapokaa. Nikapata nguvu ya kumwambia na lile lililokuwa likininyima usingizi: sista, mimi ninaswali. Hakusema neno. Alitandika shuka safi sakafuni, nikarukuu, nikasujudu, naye amepiga magoti pembeni akiangalia ngozi inavyojikunja. Kidoti kikashuka upana wa vidole viwili.

Kuhusu tohara ya swala nilishamuuliza shehe wetu wa mtaani. Mwenye udhuru wa kudumu anatawadha wakati wa swala ukiingia, anaswali, na swala yake inasihi. Nilirudi nyumbani siku ile mwepesi kuliko nilivyotoka.

Ilianza na damu chooni. Kwenye zahanati niliambiwa bawasiri, nikatumia dawa za kupaka na za kuweka miezi saba, na katika miezi hiyo yote hakuna aliyenipima kwa kidole ndani ya njia ya haja kubwa. Uvimbe ulikuwa sentimita tatu tu kutoka mlango wa haja kubwa. Kipimo cha dakika moja! Bado linaniuma, na kila ndugu anayeniambia anaona damu chooni namsihi asitoke kwa daktari bila kupimwa hivyo, aibu aiweke kando.

Mionzi nilipigwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, mara 28, Jumatatu hadi Ijumaa, na siku hizo hizo vidonge vya kapesitabini, dawa ya saratani, asubuhi na jioni. Kabla ya kuingia unakunywa maji kibofu kijae, ukae nayo hadi uitwe. Wiki ya tano nilikuwa sikai, nalala ubavu. Nyayo zilibambuka.

Watu wengi wameniuliza kwa nini sikupasuliwa mara tu mionzi ilipokwisha. Mionzi inaendelea kuusinyaza uvimbe wiki kadhaa baada ya siku ya mwisho, na nyama zilizoungua nazo zinahitaji kupoa kabla ya kisu. Kwangu imekuwa wiki tisa. Picha ya MRI ilionyesha uvimbe umetoka sentimita tano hadi mbili, na moyo wangu ukakimbilia kwenye tumaini kwamba labda mfuko hautahitajika. Daktari alichukua karatasi akanichorea misuli inayobana njia ya haja kubwa. Uvimbe uliobaki umeikalia. Akiiacha misuli hiyo, ataacha na mbegu za ugonjwa. Nikalia, nikasaini fomu.

Wiki hizi tisa sikukaa bure. Kiwango cha damu kilikuwa 9, sasa ni 11.4, kwa vidonge vya madini ya chuma na maini anayonipikia dada yangu kila Jumanne na Ijumaa. Asubuhi natembea hadi msikitini na kurudi, jana nimezunguka mara mbili. Wapwa zangu watatu wamejitolea damu. Daktari wa nusu kaputi amenifungua kinywa, amenitazama shingo, amenifundisha kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku nimelikumbatia tumbo kwa mto. Usiku wa kuamkia oparesheni, mwisho wa kula ni saa sita, na maji matupu hadi saa kumi na mbili alfajiri.

Jioni hii Baba Salma aliingia chumbani nikibadili nguo. Nilitaka kujifunika, nikaacha. Akasogea.

"Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapo."

Akaweka kidole gumba kando ya kidoti, taratibu, asikiguse. Sista amekibandika plasta nyembamba inayoonyesha ndani, nisije nikakifuta kwa kuoga. Mume wangu akaikagua plasta pande zote nne, akabonyeza ncha moja iliyoinuka, kisha akaninyooshea kanga yangu.