Usiseme, mwanangu

Juzi binti yangu alikuwa anasoma tamthilia ya shule kwa sauti na wenzake pale barazani, wamegawana wahusika, akafika mahali akaniita, mama, hapa wameandika kwenye mabano Kimya, sasa nikisome au nikiruke? Wenzake wakasema ruka, hayo si maneno ya mtu. Wakaruka wakaenda mbio mpaka mwisho maana kesho yake walikuwa na jaribio. Mi lile swali halijanitoka mpaka leo, limenirudisha ng'ambo ya Rufiji kwenye ule usiku wa Kinje, mwigizaji wetu aliyemcheza Kinjeketile, usiku ambao wengine mmenisikia nikiugusa gusa hapa bila kuumaliza. Leo acha niumalize.

Ilikuwa miaka ya tisini, daraja la Mkapa bado, lilikuja kufunguliwa 2003, kwa hiyo ukitaka kwenda kusini unafika Ndundu unasubiri pantoni, ukishavuka ndo unakutana na ule mchanga wa kuelekea Somanga ambao kila aliyesafiri njia ile zama hizo mgongo wake unaukumbuka. Tulikuwa kikundi cha vijana kutoka Dar, tunapeleka tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein kwenye vijiji vya kule kule mambo yenyewe yalikotokea. Wazo la dairekta wetu. Safari, chakula, kulala madarasani, hayo nayaacha.

Mi sikuwa naigiza. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya shuka, pembeni, na skripti na tochi, mtu akisahau maneno yake namrushia, kwa sauti ambayo yeye ataipata na waliokaa mbele hawataipata. Naipenda kazi ile kuliko zote nilizowahi kufanya kwenye sanaa, kwa sababu unauona mchezo kwa ubavuni, unaona mgongo wa mwigizaji na jasho lake na vidole vinavyocheza, alafu hapo hapo kwenye upenyo wa shuka unaziona nyuso za watazamaji. Hakuna kiti kingine kinachokupa vyote viwili.

Kwa mliousoma zamani ukapotea kichwani: mchezo ulichapwa 1969, mwandishi ni mtoto wa Kilwa, na unahusu vita vya Majimaji, 1905 mpaka 1907. Ungetegemea uanze na bunduki. Hauanzi hivyo, unaanza na wanawake wanaongea habari za chakula, njaa imeingia nyumbani na waume wako shambani kwa Mjerumani, na mi naamini hapo ndo fundi alianza kutushika, kwa sababu kuhusu vita mtu anaweza kusema hainihusu lakini sufuria tupu kila mtu anaijua. Alafu yanakuja maji ya dawa. Kinjeketile, mganga mwenye maji hayo, anatoka na neno lake, watu waliokuwa hawaaminiani wanakaa chini ya neno moja, risasi itageuka maji, na kuanzia hapo yeye mwenyewe anaanza kuliogopa lile neno, anawaambia bado, subirini, na hawasubiri. Wanakwenda mbele ya bombomu, bunduki ya rashasha, na imani yao. Mwisho amekamatwa, amefungwa, amepigwa, na anachotakiwa kufanya ni kitu kidogo sana, aseme tu kwamba maji yalikuwa uongo.

Angalieni ilivyofungwa hiyo sini, hilo onyesho. Akisema ni uongo, wote waliokufa wamekufa kijinga, na watoto watakaozaliwa wataambiwa babu zenu walikosea kupigana. Akikataa kusema, kuna watu huko nje wataendelea kuamini na kwenda kufa. Milango miwili na yote inawaka moto. Dairekta alikuwa anatuambia kila siku mazoezini, msianze na mtu anasema nini, anzeni na anataka nini na nani kamzibia, na mi nadhani sini ile ndo nilipoelewa maana yake, kwa sababu aliyemzibia njia Kinjeketile pale mwisho si Mjerumani tu, ni neno lake mwenyewe.

Sasa usiku wenyewe. Tulikuwa kijiji kimoja njia ya kwenda Mohoro, na Mohoro ndiko Wajerumani walikomnyonga Kinjeketile Ngwale, Agosti 1905, vita ndo kwanza inaanza kusambaa. Mwandishi amesema wazi mwanzoni mwa kitabu kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni wa kubuni, si yule wa kwenye historia. Lakini wale watu waliokaa kwenye mikeka mbele yetu, wengine babu zao walikuwepo, wamelelewa na hayo maneno. Wanajua alinyongwa, na wengine wanaweza kukuonyesha upande gani. Na mchana kutwa hilo lilikuwa linanisumbua, utamshikaje mtu na hadithi ambayo mwisho wake anaujua kuliko wewe?

Karabai zinaunguruma, wadudu wanajigonga kwenye vioo. Kinje wetu (tulimwita hivyo hata barabarani) amepiga magoti, mikono imefungwa nyuma, amenipa mgongo robo tatu. Mstari wa kabla yake ukaisha. Kwenye skripti yetu tuliyoipiga chapa wenyewe jibu linafuata hapo hapo, hakuna mabano wala nini, na mazoezini siku zote alikuwa analitoa papo kwa papo, kwa kelele, kifua mbele.

Hakujibu.

Nikawasha tochi, nikaweka kidole kwenye mstari, nikavuta pumzi. Neno la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu. Sasa mtu aliyesahau ana dalili zake, ukikaa pembeni muda mrefu unazijua, macho yanapanda juu, uzito unahama goti hili kwenda lile, shingo inageuka kidogo kuja upande wako kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Kinje hakufanya hata moja. Mabega yametulia. Lakini uso wake siuoni, kwa hiyo nakisia kwa mgongo, nauangalia ule uti wa mgongo unavyopanda na kushuka, nasema nimpe, nasema nisimpe, nikimpa na hakusahau nimekivunja kitu ambacho hakitaungika, nisipompa na amesahau huyu mtu anazama mbele ya watu wote hawa na kamba nimeishika mimi.

Nikachungulia kwenye upenyo ili nijue watu wamechoka au vipi.

Hawakuwa wamechoka. Mzee mmoja wa kanzu alikuwa ameinama mbele mpaka mkono umegusa chini. Kijana aliyekuwa anatafuna muwa tangu mwanzo ameushika tu. Na nyuso zile zilikuwa na woga, nawaambieni, woga kabisa, na ikanichukua muda kuelewa wanaogopa nini. Walikuwa wanaogopa kwamba atasema. Watu wanaojua alinyongwa, wanaojua hakusema, wamekaa pale na kwa mara ya kwanza katika maisha yao hawana uhakika. Yeye kukaa kimya tu kumefungua mlango ambao kila mtu alidhani umeshapigwa misumari zamani.

Akanyanyuka bibi mmoja, hakunyanyuka sana, kwa magoti, kaniki imemfunga kifuani, akanyoosha mkono kama anamzuia mtoto asikanyage moto.

"Usiseme, mwanangu. Usiwape."

Nyuma yake sauti nyingine, ya mwanaume, asiseme! Na nyingine. Na dairekta upande wa pili kashika kichwa, hajui acheke au alie.

Ndo Kinje akainua uso. Maneno akayatoa yale yale ya kwenye skripti, hakuongeza wala kupunguza, ila hakuyatoa kwa kelele za mazoezini. Aliyasema taratibu, na hakumwambia askari, alimwambia yule bibi. Kijana aliyekuwa askari alikuwa mjanja, akaona ameachwa nyuma ya jibu, akazunguka akasimama katikati yao na ndipo akampiga, na watu wakapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena ukumbini popote.

Mchezo ukaisha, ngoma ikapigwa, hotuba za viongozi. Yule bibi alikuja nyuma ya shuka akaomba amuone kijana, tukampigia shikamoo, akaitikia huku anashika viwiko vya mikono ya Kinje anaangalia alama za kamba. Hakusema mengi. Alimwambia umefanya vizuri, baba, na alivyosema sikusikia kama anasifia uigizaji.

Siku tunarudi, kwenye pantoni, nikamfuata Kinje nikamuuliza kaka, niambie ukweli, ulisahau? Akasema nilisahau, kabisa, kichwa cheupe, nilikuwa nakusubiri wewe unirushie, na ukanyamaza. Akaniambia bila hasira. Nikakaa na jibu hilo miaka mingi. Alafu tukaja kukutana Kariakoo, yeye ana biashara zake na sanaa aliacha, tukakumbushana, nikalirudia swali, akaniambia kwa macho yale yale makavu kwamba hakusahau hata kidogo, alimuona yule bibi kwenye mkeka na akaona hawezi kumjibu haraka. Nikamkumbusha aliyonijibu kwenye pantoni. Akasema hilo halikumbuki.

Baadaye nilipoanza kuandika michezo yangu nilitaka nikijue kile kimya, kilitengenezwa na nini. Tulipouonyesha tena mchezo ule Dar, na mwigizaji mwingine, mzuri kabisa, niliomba pale tuweke kimya, nikaandika kwa penseli pembeni ya mstari. Akakaa kimya. Watu wakakohoa. Mtu wa nyuma akaanza kuongea na mwenzake. Mwigizaji hakuwa na tatizo, magoti yale yale, kamba zile zile, na watu walikuwa wanajua gharama ya majibu yote mawili maana mchezo mzima ulishawaeleza, lakini yeye alikuwa anakaa kimya kwa sababu imeandikwa, na nadhani watu wanalinusa hilo hata kama hawawezi kulisema. Nadhani. Kwa sababu mwenzangu mmoja wa kikundi anakataa, anasema Dar hapakuwa na bibi, basi, kimya ni cha mtazamaji na hakuna mwandishi anayeweza kukiandika, unachoweza kuandika ni kila kitu kinachokuja kabla yake. Dairekta wetu wa zamani yeye alisema tofauti, alisema kimya ni mstari kama mistari mingine na kina maneno ndani, mwigizaji akishayajua hayo maneno kitashika popote, Mohoro au Dar au mwezini. Nimewasikiliza wote wawili na kila nikiandika sini mpya nahama upande.

Sasa hivi nina mchezo mezani, kuna mama anaulizwa na mwanawe hela za ada zimekwenda wapi, na yeye anajua, na akisema nyumba inavunjika. Nimeandika mabano. Nimeyafuta. Nimeyarudisha. Dada atakayemcheza mama ameshasoma, juzi kanitumia meseji, hapa nikae kimya kwa muda gani na nikiwa nawaza nini? Nimemjibu tuanze mazoezi kwanza, tufike hapo pamoja, tusikie. Hajalipenda jibu, anataka maelekezo mapema ajiandae, na kwa kweli ana haki ya kuyataka.