Mbele ya mihrabu ya Isfahan

Wapendwa, nimepata bahati ya kuitazama kwa macho yangu mihrabu (kishubaka cha ukutani kinachoonyesha upande wa kibla) ya Madrasa Imami ya Isfahan, Iran, iliyotengenezwa mwaka 755 Hijria, yaani 1354/55, na ambayo sasa imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York. Ina kimo cha zaidi ya mita 3, nayo imeenea buluu ya kukoza, feruzi, nyeupe, manjano na kijani.

Ukiikaribia, ndipo unapotambua kwamba hakuna ua wala herufi iliyochorwa kwa brashi. Kila kigae kilipakwa rangi moja tu ya kung'aa na kuchomwa tanurini, kwa sababu kila rangi huiva vizuri kwa kiwango chake cha joto; kisha fundi akakikata vipande kulingana na mchoro, akasugua kingo zake, na kuvipanga vipande hivyo sako kwa bako kabla ya kuvishikiza kwa lipu. Nilisogeza uso hadi pale mlinzi aliporuhusu, nikafuatisha herufi moja nyeupe inayojipinda ndani ya buluu, na kiungo chake ni chembamba mno, ajabu tupu!

Ukingo wa nje umeandikwa Surat at-Tawba, aya ya 18 hadi 22, zinazowataja wanaoimarisha misikiti ya Mwenyezi Mungu, na kwangu mimi hakuna sehemu iliyonigusa kuliko hiyo, kwani fundi aliyakata maneno hayo kipande kwa kipande.