Mheshimiwa na dawa ya jino

Hii ilikuwa 2019, tukiishi Migosi hapa Kisumu, mtaa ambao samaki ni wa kula na ukisema uko na wa kuangalia tu watu wanakuuliza kama umelala njaa. Huyo samaki wangu wa kuangalia, bunju, aliletwa na binamu yangu mwenye alikuwa anafanya kazi Kalokol kule Turkana, akashuka naye stendi ndani ya jerikani imekatwa juu, kadogo tu, mistari ubavuni, tumbo jeupe, macho kila moja inaangalia kwake. Ziwa letu halina bunju, hao wako Turkana na mto Naili, kwa hivyo hata wavuvi wa Dunga walikuwa wanamshangaa. Ukimkasirisha anameza maji anafura tumbo lote anakuangalia vibaya, tukamwita Mheshimiwa.

Sasa mimi nikaenda atachimenti Eldoret, Mama akabaki naye. Na Mama akimpenda mtu anamlisha. Alikuwa anamnunulia mbuta Kibuye, anatoa mfupa, anakatakata vizuri, siku zingine omena, siku zingine ochonga, vile vikamba vidogo vya ziwa vya kulisha kuku. Kurudi nikapata Mheshimiwa amekuwa mkubwa kweli lakini amekonda, kichwa kikubwa na tumbo limeingia ndani, analala pembeni ya tenki kwa mchanga hataki mtu.

"Hali," Mama akaniambia, "tangu wiki ile nyingine anakataa. Mimi naona alikuwa anakutafuta wewe."

Kila mtu alikuwa na jibu. Mzee wa nyumba ya pili akasema tumchinje mapema kabla afe bure, ikabidi nimweleze polepole, mzee wangu, hawa wana sumu, kwa jamii nyingi za bunju iko kwa maini na mayai na hata uchemshe mchana kutwa haitoki. Akarudi nyuma hatua kadhaa. Jamaa wa agroveti naye hata hakuuliza dalili, akanitolea chupa ya dawa ya samaki, kusoma nyuma naona kopa salfeti. Hapo nikakataa. Bunju hana magamba kama ngege, ngozi yake iko wazi tu, dawa za kopa zinamuumiza haraka kuliko huo ugonjwa wenyewe, na bado ugonjwa hata hatujaujua. Mimi sipendi hii tabia ya kumwaga dawa kwa maji ndio uone kitatokea nini.

Kwa hivyo nikaanza na maji. Rafiki yangu mwenye anafuga ngege kwa mabwawa akanikopesha zile karatasi za kupima, amonia hakuna, naitraiti hakuna, na maji ya bomba tulikuwa tunayaacha kwa ndoo wazi klorini itoke kwanza. Ngozi, hakuna vidoadoa vyeupe. Mapezi hayajaoza. Minyoo nilifikiria sana juu ya lile tumbo kuingia ndani, lakini samaki wa minyoo mara nyingi anakula na bado anakonda, huyu hali kabisa.

Ama ndio tulikuwa tunafikiria hivyo. Usiku mmoja nikavuta stuli nikakaa mbele ya tenki nikamtupia kipande cha mbuta, nikanyamaza. Akakuja! Akakifuata mpaka chini, akakigonga, kikaruka, akakigonga tena, akashindwa akaenda zake. Huyo si mtu amekataa chakula, huyo ana njaa na mdomo haufunguki. Nikawasha tochi ya simu nikaangalia vizuri: meno. Bunju ana meno manne yameungana mawili juu mawili chini yanakuwa mdomo mgumu wa kuvunja konokono na kaa, na hayo meno hayaachi kukua maisha yake yote, yanaisha tu akivunja kitu kigumu. Mbuta ya Mama haikuwa na kitu cha kuvunja. Yale ya juu yalikuwa yameshuka mpaka yanafunika ya chini.

Yanakatwa, na mgonjwa lazima alazwe usingizi, na dawa ya usingizi ni mafuta ya karafuu. Nikaenda kwa kemisti.

"Ni ya jino?" madam akaniuliza.

"Ndio madam, ya jino."

"Weka na pamba, usimeze."

Sikumwambia jino ni la nani.

Mama alishika ndoo akiomba kwa sauti. Mafuta hayachanganyiki na maji hivi hivi, unatikisa kwanza kwa chupa ya maji ya vuguvugu mpaka yawe meupe, halafu unaongeza kidogo kidogo ukiangalia matamvua, juu ukizidisha haamki tena. Akayumba, akageuka tumbo juu, matamvua bado yanapumua polepole, nikamshika na kitambaa kimelowa huku mdomo pekee ndio uko nje kidogo, hutaki afure akiwa hewani anameza upepo halafu ashindwe kuutoa. Mkasi ulikuwa ule mdogo wa saluni wa kukata ngozi ya kucha, wa dada yangu, hajui mpaka leo. Kac! kipande cha juu kikaruka, kac! cha chini, nikasawazisha kidogo nikamrudisha kwa maji safi namsukuma mbele nyuma maji yapite kwa matamvua. Mama akanyamaza hata maombi. Halafu lile jicho moja likazunguka likamuangalia.

Kesho yake jioni alikula.

Konokono ndio ilikuwa kazi nyingine, juu hawa wa huku ziwani wengine wanabeba kichocho, sikuwa naingia maji bila gambuti na glavu, na nilikuwa nawagandisha wote kwa frija kabla ya kumpa, gamba linabaki gumu vilevile. Mama akaandika kwa mfuko na kalamu nyekundu SI CHAKULA. Shangazi alipokuja kutoka Siaya akafungua frija, akasoma, akafunga, akaniita kando akaniuliza hii nyumba tumejiunga na dini gani.