Kwa Harnden, Konda wa Treni

Shemeji yangu hupokea vifurushi kwenye ofisi ya mabasi huko Tanga, kwa hiyo alipokuja kututembelea Boston nilijua pa kumpeleka. Kutoka stesheni ya Harvard tulipanda basi namba 73, tukashuka mbele ya lango la Mount Auburn, lililochongwa kwa mtindo wa Misri ya kale.

Makaburi haya yalifunguliwa mwaka 1831, na wenyeji huyatembelea kama bustani: vilima, vidimbwi, watu na darubini zao wakitafuta ndege. Shemeji hakupendezwa. Kwao mtu haendi makaburini kupunga upepo. Alitembea kimya, mikono nyuma, mpaka tukafika kwa William Harnden.

Ni paa zito la mawe juu ya nguzo, na chini yake jibwa limelala likilinda sefu. Hakuna malaika wala mwanamke anayelia juu ya chungu, na hao wamejaa kila upande humo. Shemeji alizunguka mara mbili. "Huyu alikuwa tajiri wa benki?"

Nikamwambia alikuwa konda.

Konda kweli, wa treni ya Boston na Worcester, kisha mkata tiketi. Enzi hizo posta ya Marekani haikupokea vifurushi. Huduma hiyo ilianza mwaka 1913. Mwenye bahasha ya noti au bidhaa ndogo alimwomba abiria au dereva amfikishie, akabaki anaomba Mungu. Machi 1839 Harnden akaifanya kazi yenye bei. Alibeba mizigo ya watu kwa treni hadi Providence, kisha kwa meli ya moshi hadi New York. Ofisi yenyewe ilikuwa begi la kitambaa cha zulia.

"Kama sisi," shemeji akasema. "Ila sisi tunaandika na risiti."

Aliponiuliza kuhusu mizigo inayopotea, nikamhadithia habari za Adolphus, mdogo wake Harnden. Usiku wa Januari 13, 1840, alikuwa ndani ya meli Lexington akisindikiza fedha za benki kutoka New York. Marobota ya pamba yaliyopangwa sitahani yakashika moto. Ndoo hazikutosha, wakamwaga sarafu, wakatekea maji kwa masanduku ya fedha. Kati ya watu zaidi ya 140 walipona 4, na Adolphus hakuwamo. Shemeji akalitazama tena lile jibwa, akasema sefu wamelichonga dogo mno.

Kwenye mnara kuna maneno ya Biblia, kitabu cha Samweli wa Kwanza, kwamba shughuli ya mfalme ilitaka haraka. Sijui kama waliochagua mstari huo walisoma sura nzima: Daudi anayasema hayo akimdanganya kuhani. Mfalme hakumtuma popote, anamkimbia.

Harnden mwenyewe alikimbilia mengi. Alifungua njia ya Albany, akaweka wakala Liverpool, akaingia biashara ya kuwavusha wahamiaji kutoka Ulaya. Upande wa magharibi aliukataa. Henry Wells, aliyekuwa wakala wake Albany, alimsihi watanuke huko; akajibiwa kwamba akitaka aende kwa gharama zake. Wells akaenda, na baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa kampuni kubwa za usafirishaji, American Express mwaka 1850 na Wells Fargo mwaka 1852. Kifua kikuu kilimuua Harnden Januari 1845, hajafika miaka 33, na hakuacha utajiri.

"Sasa nani kalipia haya yote?"

Kampuni za usafirishaji wa vifurushi, nikamwambia. Zilichanga, mnara ukasimama mwaka 1866.

Shemeji akahesabu kwa vidole. "Miaka 21! Wangemchangia angali anakohoa." Kisha akanipa simu nimpige picha kando ya jibwa, ya kuwaonyesha wenzake wa kaunta, na akataka mkono wake uonekane uko juu ya sefu.