Tulivyopata pesa za kuzungumza kabla ya kuungana

Hapa Lubumbashi utaambiwa kwamba pesa za wafadhili ni za visima, cherehani na mafunzo, na kwamba shirika likiomba pesa za kukaa na wenzake na kupanga ushirikiano litaonekana la wavivu. Si kweli. Sisi tuliziomba, tukapewa, na ninajivunia.

Shirika letu liko Katuba. Tunafundisha mama wadogo kusoma na kushona. Wenzetu wako komini ya Kenya, hapa hapa mjini, wana vikundi vya akiba na mikopo. Wasichana wetu wakimaliza kushona walikuwa wanakosa mtaji. Kwao mtaji ulikuwepo, ufundi hakuna. Kwa muda mrefu tulitumiana watu bila karatasi yoyote. Swali likawa: tuwe asbl (shirika lisilo la faida) moja, au tushirikiane kila mtu na jina lake?

Mshauri mmoja, wa bei kali, alimwambia Mama Prezida wetu: "Mama, andikeni kwamba mmeshaungana. Mfadhili hapendi watu wanaositasita." Dosie ya kuomba pesa ikaenda hivyo. Mfadhili akauliza neno moja tu: mikutano mikuu yenu imeamua lini? Maana sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayosimamia asbl, imeweka kubadili katiba ya shirika na kulivunja mikononi mwa mkutano mkuu, si mikononi mwa prezida wala mshauri. Hatukuwa na jibu, dosie ikafungwa. Ushauri huo bado unatolewa kwa mashirika mengine hapa mjini, na ndicho kilichonifanya niandike.

Baada ya hapo nilisoma wenzetu wa Marekani wanafanyaje. Kule Los Angeles, tangu 2012, kuna mpango wa wafadhili kadhaa waliochanga pamoja kusaidia mashirika yanayotaka kushirikiana au kuungana: kuna pesa za mazungumzo, na kuna pesa nyingine za kuunganisha kazi baada ya uamuzi. New York kuna SeaChange Capital Partners, nayo husaidia njia hiyo hiyo. Ni mifuko ya mashirika ya kwao, kwa hiyo usimalize mega zako za intaneti kutafuta fomu. Chukua maswali yao: nani kati ya viongozi anaunga mkono? Mmeshafanya kazi pamoja? Mtajua vipi kwamba mazungumzo yamekwisha? Utafiti wa Chicago uliotoka 2016, juu ya miungano 25 ya mashirika, ulionyesha kwamba katika asilimia 80 ya miungano hiyo mashirika yalikuwa yameshashirikiana kabla. Sisi tulikuwa nao ushirikiano huo, ila haukuandikwa popote! Tukauweka ukurasa wa kwanza: wasichana waliotoka Katuba wakaingia vikundi vya Kenya, na majina ya vikundi.

Sasa kazi iliyotuokoa. Kabla ya kuandika ombi jipya, niliomba kila komite ijifungie peke yake na kuandika kitu ambacho haitakiachia hata kwa pesa, kisha ifunge bahasha. Tukakutana Jumamosi, tukala bukari na samaki kwanza (mtu mwenye njaa hasikilizi), ndipo bahasha zikafunguliwa mbele ya wote. Wenzetu waliandika: akiba ya wanachama isiguswe na shirika lolote. Sisi tuliandika: cherehani zisitoke Katuba. Papa mmoja wa kwao, mzee aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, akasimama: "Kumbe hamtaki pesa za mama zetu?" Kumbe miaka yote hiyo ndiyo hofu iliyomfanya apinge kila barua yetu! Upande wetu, nusu ya komite iliamini wanataka mashine. Hakuna aliyetaka kitu cha mwenzake. Tuliandika PV (muhtasari wa mkutano) palepale, wote wakatia saini, na PV hiyo tukaibandika kwenye ombi pamoja na maswali yaliyobaki: hesabu, mishahara, jina.

Katika bajeti tuliweka msimamizi wa mazungumzo asiye wa upande wowote, mwanasheria wa kusoma katiba zote mbili, mhasibu wa kuweka sambamba vitabu vya hesabu vya pande zote mbili, usafiri na chakula. Elfu kadhaa za dola, basi. Usifiche chakula chini ya "mafunzo", kiandike chakula. Na pesa ziingie akaunti ya shirika moja kwa hati iliyosainiwa na yote mawili, la sivyo ugomvi utaanzia benki.

Sentensi ninayoipenda kuliko zote katika ombi letu ni hii: "Matokeo ya mradi huu ni uamuzi wa mikutano mikuu miwili, hata kama uamuzi huo ni kutoungana." Wengine waliniomba niifute. Nilikataa, na mfadhili alipopiga simu ndiyo aliyoisoma kwa sauti.

Mikutano ilipokaa, iliamua kubaki asbl mbili, zenye mhasibu mmoja na programu moja: msichana anajifunza kushona Katuba huku ameshaingia kikundi cha akiba Kenya. Tulituma PV mbili na orodha za waliohudhuria. Sehemu ya pili ya pesa ikaingia yote, bila swali.